Fotoni moja, au fotoni moja moja?

SWALI: Naandika makala kuhusu vifaa vya yabisi vinavyotoa mwanga fotoni (chembe ya mwanga) baada ya fotoni. Je, ni sahihi kusema "kuboresha ufanisi wa vyanzo vya fotoni moja"?

JIBU: Moja moja, ndugu msomaji. Nesi akitoka mlangoni na kusema "aingie mmoja", anaingia mmoja na wengine wanabaki kwenye benchi. Akisema "ingieni mmoja mmoja", foleni nzima itaingia, ila hakuna wawili watakaopita pamoja. Nukta kwanta, ile chembe ya asenidi ya indiamu iliyozikwa ndani ya asenidi ya galiamu, hufanya kama foleni hiyo ya pili: kila ikipigwa na leza inatoa fotoni moja, ikipigwa tena inatoa nyingine, mamilioni ya mara kwa sekunde. "Fotoni moja" inatuambia kifaa kimetoa na kimenyamaza. (Fotoni yenyewe ina asili ya Kigiriki, maana yake mwanga, haina ugomvi.)

Ugomvi wangu ni na "kuboresha ufanisi". Ufanisi umetokana na kufana, neno tamu la arusi na sherehe, na sasa kila asiyetaka kueleza jambo hujificha nyuma yake. Hapa linaficha mambo matatu: fotoni ngapi zinafika, kama mbili huponyoka pamoja, na kama zinafanana. Asenidi ya galiamu hupinda mwanga mno, kwa hiyo kwenye kipande kitupu ni takriban fotoni 2 tu kati ya 100 zinazotokea juu. Nyingine hurudishwa ndani. Dawa ni kuiweka nukta katikati ya vioo, kwa kanuni aliyoieleza mwanafizikia Purcell mwaka 1946. Kwa njia hiyo watafiti wa Basel, Uswisi, walifikisha 57% ya fotoni mwisho wa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga mwaka 2021. Hapo sema: wameongeza fotoni zinazofika.

Sasa weka chujio kuondoa zenye rangi isiyolingana. Zinazobaki zinafanana zaidi, lakini zimepungua. Ufanisi umeboreshwa au umeharibiwa? Sentensi yako haijui, na msomaji wako hatajua. Andika "kuongeza fotoni zinazofika", "kuzuia fotoni ya pili", "kuzifananisha fotoni".

Kwenye kichwa cha makala "kuboresha" nitaivumilia, mradi sentensi ya kwanza itaje kilichoboreshwa.