Je, inajuzu kushiriki Durga Puja kwa mwenyeji wangu wa Kihindu?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma Kolkata, India. Nimepanga kwa mama mmoja Mbengali wa dini ya Kihindu, na nilipougua alinikesha usiku kucha. Durga Puja, sikukuu yao ya mungu wa kike Durga, inakaribia. Amenipa sari mpya, anataka tutembelee wote mabanda ya sanamu, nile chakula chao, na siku ya mwisho niwaamkie wazee kwa kuwagusa miguu. Sitaki kumvunja moyo wala kumkosea Mola wangu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwenyezi Mungu amlipe wema mama huyo na amwongoze.

Binti yangu, hukumu ya jambo hufuata kulijua lilivyo. Utaambiwa kwamba hiyo ni mila ya Wabengali tu, na kweli mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata katika orodha ya turathi za binadamu. Ufundi wake haukanushiki: mafundi wa mtaa wa Kumartuli hufinyanga udongo wa mto juu ya majani makavu na mianzi, akatokea Durga mwenye mikono kumi, juu ya simba, akimchoma Mahishasura, pepo mwenye umbo la nyati. Lakini sanamu haliachwi kuwa pambo. Kuhani husoma maneno ya kulitia uhai, na asubuhi ya Ashtami, siku ya nane, watu hushika maua, wakafuatisha dua anayoisoma, wakayarusha miguuni pake. Hiyo ni ibada, na ibada haigawanywi.

Kwa hiyo, kwenda kwenye banda wakati wa ibada hiyo, kushika maua au kusimama safuni nao, haijuzu. Na hata saa zisizo za ibada nakushauri usiende. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) aliuliza kwanza kama palikuwa na sanamu lililoabudiwa, au kama palifanyika sikukuu yoyote ya washirikina. Alipojibiwa hapana, ndipo akamruhusu atimize nadhiri yake, kama alivyopokea Abu Dawud. Tazama: mtu yule alikuwa anamchinjia Mwenyezi Mungu, na bado mahali paliulizwa.

Sari ipokee na uivae, almuradi inasitiri. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake aliyekuwa mshirikina, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aunge undugu naye. Na katika Suratul Mumtahina aya ya 8, Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mama aliyekukesha ana haki hiyo kwako, na kumkunjia uso siku yake ya furaha si uchamungu.

Chakula kina mambo matatu. Kilichowekwa mbele ya sanamu kisha kikagawiwa, kama kichuri ya wali na dengu, kiache. Nyama pia iache: wengi hudhani kila Mhindu hali nyama, kumbe Wabengali wengi hula mbuzi siku ya Navami, yaani ya tisa, na mchinjaji si Muislamu wala Ahlul Kitabu (Myahudi au Mkristo). Ama kilichopikwa jikoni kwake bila kutolewa kwa sanamu, mboga, vitamu vya maziwa, hata samaki, maana samaki hahitaji kuchinjwa, hicho kula. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu zawadi za Majusi, waabudu moto, siku ya sikukuu yao. Akasema kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo msile, bali kuleni katika matunda ya miti yao.

Kuwagusa wazee miguu huko kunataka uiname, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama mtu amwinamie ndugu yake, alisema hapana. Waamkie kwa maneno ya heshima.

Usingoje asubuhi ya sikukuu ndipo ukatae. Kaa naye mapema, jioni moja, umweleze: "Mama, dini yangu hainiruhusu kuingia kwenye ibada isiyokuwa yangu, lakini nyumbani kwako nipo." Kisha umsaidie kazi za wageni. Na ikifika Idi, mpelekee sahani ya kwanza: Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akawa anauliza, "Mmempelekea jirani yetu Myahudi?"

Wallahu aalam.