Shangazi wa Mitambo: “Skripti yangu na NiFi haziivi chungu kimoja”

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni karani wa takwimu katika ushirika wa wafugaji wa maziwa hapa Tanga. Tuna vituo 14 vya kukusanyia maziwa, Muheza, Pangani, Mkinga na kwingineko, na kila kimoja hutuma faili la lita za siku. Apache NiFi, programu ya kusafirisha data, inapokea mafaili, inayasafisha, kisha inayaingiza kwenye hifadhidata ya malipo. Kila kituo nimekipa kikundi chake cha prosesa, yaani visanduku vinavyofanya kazi hatua kwa hatua. Kila mwisho wa mwezi lazima nizime vyote, nibadilishe folda ya kupokelea, niwashe tena. Kwa kipanya ni kazi ya saa nzima, kwa hiyo nikaandika skripti ya Python kwa kutumia maktaba ya NiPyApi, inayoiamrisha NiFi badala ya kipanya. Mwezi wa kwanza ilikwenda vizuri. Sasa kikundi cha Muheza kinaiangusha, inalalamika kwamba imepewa orodha. Vingine vinarudisha namba ya kosa, 409. Vingine vinasema toleo nililoshika si la karibuni. Nimeweka kitanzi irudie kila amri mara tano, wapi! Nafikiria kuanza kwa kumwaga foleni zote ili vikundi vizimike haraka. Unasemaje? (Kijana wa Maziwa, Makorora)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenikuta barazani hapa Ngamiani, kahawa mkononi, na nilipofika kwenye “kumwaga foleni” nikakiweka kikombe chini. Tuanzie hapo, mengine yatasubiri.

Kinachosubiri kwenye foleni kati ya prosesa moja na nyingine ni lita za mfugaji ambazo bado hazijafika kwenye malipo. Ni maziwa yaliyomo kwenye keni, gari liko njiani. Ukiyamwaga ili gari liwe jepesi, litakuwa jepesi kweli. Tena ukimwaga foleni kwa kipanya, skrini inakuuliza kwanza kama una hakika. Skripti haikuulizi. NiPyApi ina amri za kumwaga foleni moja au za kikundi kizima, na zinatii papo hapo.

Najua kwa sababu nimelipia. Miaka hiyo nilikuwa Dar, ofisi moja ambayo sitaitaja, mwezi wa Ramadhani, jioni, kila mtu anakimbilia futari. Kikundi cha majaribio kilikataa kufutika kwa sababu foleni zake zilikuwa na vitu. Nikakitafuta kwa jina, nikaletewa orodha ya vikundi viwili, nikachukua cha kwanza bila kukitazama, nikakimwaga. Kilikuwa cha malipo. Risiti zaidi ya 3,000 zikaenda. Zilipatikana kwa kuwa mafaili ya asili yalikuwa bado kwenye seva ya kupokelea, lakini kuyarudisha, na kuchambua yapi yalikuwa yameshaingia tusije tukamlipa mtu mara mbili, kulinifikisha daku. Futari yenyewe nilikula tende tatu.

Na hapo ndipo ninapokutana na Muheza yako. Umeita `get_process_group` ukaipa jina “Muheza”. Kwa kawaida amri hiyo hutafuta hata kipande cha jina. Naapa umetengeneza kingine kinachoitwa “Muheza majaribio” au “Muheza mpya”, ndiyo maana mwezi wa kwanza hukuliona tatizo. Maktaba hii ina tabia moja ambayo sijawahi kuipenda: ikipata kikundi kimoja inakupa kikundi, ikipata viwili inakupa orodha, isipopata kitu inakupa `None` bila hata kukohoa. Majibu ya namna tatu kwa swali moja! Weka `greedy=False` ili jina lilingane lote. Lakini NiFi haikatazi vikundi viwili kuwa na jina lilelile, kwa hiyo salama zaidi ni kuandika vitambulisho vya vikundi vyote 14 kwenye faili la mipangilio na kuita kwa hivyo. Usitatue kwa kuchukua cha kwanza kwenye orodha. Habari zangu umeshazisoma.

Sasa 409. NiFi hutoa namba hiyo ombi linapokuwa halina kasoro ila mtambo hauko katika hali ya kulipokea. Huwezi kubadilisha mipangilio ya prosesa inayofanya kazi, nawe umeshaizima, sivyo? Hujaizima. Umeiagiza izimike. Prosesa iliyoagizwa kuzimika haianzi kazi mpya, ila ile iliyokwisha kuishika huimaliza kwanza. Kama inasoma faili kubwa kutoka Mkinga, itasoma hadi mwisho, na skripti yako inakuwa imeshafika mstari unaofuata, inadai folda ibadilishwe. Maelezo ya `schedule_processor` yenyewe yanakiri kwamba amri haihakikishi hali itabadilika, inaagiza tu. Basi baada ya kuagiza, iulize NiFi kila baada ya sekunde chache kuna nyuzi ngapi (kazi zilizokwisha kuanza) bado zinafanya kazi ndani ya kikundi. Zikifika sifuri, endelea. Zisipofika baada ya dakika, tuseme, 10, skripti isimame ikuandikie ujumbe. Isijiamulie.

La toleo ndilo linalowasumbua wengi, na wengi hudhani NiFi imeharibika. Kila kitu kilichomo kwenye NiFi, prosesa, muunganisho, kikundi, kina namba ya toleo. Kikiguswa, namba inapanda. Ukileta badiliko, unalileta pamoja na namba uliyoiona mara ya mwisho, na kama imeshapanda, unarudishwa. Si lazima mwenzako awe amefanya jambo kubwa. Akikisogeza kisanduku cha prosesa kidogo kwa kipanya, ili tu mistari isipishane, namba imepanda. Lakini kwako sidhani ni mwenzako. Nadhani skripti yako inakusanya prosesa zote mwanzoni, inaziweka kwenye orodha, inaagiza zizimike, halafu inarudi kwenye orodha ileile kubadilisha folda. Kule kuzimika nako ni kuguswa! Wewe mwenyewe umezipandisha namba, halafu unamlaumu mgeni.

Ndiyo maana kitanzi chako hakisaidii. Mara tano unapeleka namba ileile ya zamani. Ni kumwita mtu mara tano kwa jina lisilo lake ukashangaa haitiki. Kisome kitu upya kutoka NiFi kabla tu ya kukibadilisha. Amri kadhaa za maktaba zina `refresh` kwa kazi hiyohiyo. Na ukikataliwa, usirudie ombi. Soma tena, tazama nini kimebadilika, kisha uamue kama bado unataka kufanya ulichotaka.

Watu hudhani maktaba ina njia ya uani ya kuingilia. Haina. Sehemu yake ya chini imezalishwa na mashine kutokana na maelezo ya API ya NiFi (mlango ambao programu nyingine huzungumza nayo), ya juu ndiyo iliyoandikwa kwa mkono ili tusiteseke, na zote mbili zinapita mlango uleule unaopitwa na skrini unayobofya. (Mtambo wenyewe ulizaliwa katika NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa jina la Niagarafiles, ukakabidhiwa Apache mwaka 2014. Ukijiona unafuatiliwa kila unapogusa kisanduku, ujue ni asili yake.)

Ningekuwa mimi, lakini, nisingehangaika na kuzima na kuwasha kabisa. Folda ya mwezi iandike kama parameta, yaani thamani yenye jina, katika muktadha wa parameta (orodha ya thamani hizo ndani ya NiFi), na prosesa ya kupokelea ya kila kikundi isome humo. Ukibadilisha thamani ya parameta, NiFi yenyewe inazisimamisha prosesa zinazoitumia, inasubiri, inabadilisha, inaziwasha. NiPyApi inayo sehemu ya parameta, tazama `upsert_parameter_to_context`. Skripti yako itabaki mistari michache tu. Anza na kituo kimoja chenye wafugaji wachache, siku isiyo ya malipo.

SWALI: Shangazi, skripti yetu ya NiFi ina jina la mtumiaji na neno la siri ndani yake, na iko kwenye folda inayoonwa na ofisi nzima. Mwenzangu anasema si neno, mtandao ni wa ndani. (Msomaji, Pangani)

JIBU: Mwenzako aache pia ufunguo wa nyumba yake juu ya meza, nyumba si iko ndani ya mtaa? Tangu toleo la 1.14.0, la mwaka 2021, NiFi ikiwashwa mara ya kwanza hujitungia jina na neno la siri na kuyaandika kwenye logi yake. Badilisha hayo, neno jipya lisipungue herufi 12. Kisha liweke kwenye vigezo vya mazingira vya seva (thamani zinazokaa nje ya skripti) na skripti ilisome humo. Na nikibahatisha, mmezima pia ukaguzi wa cheti cha usalama cha seva kwa sababu kilikuwa “kinasumbua”. Urudisheni, muielekeze maktaba kwenye cheti cha seva yenu.

SWALI: Tumepanda kwenda NiFi 2 na sehemu ya skripti inayopakia templeti (mitiririko tuliyoihifadhi kama vielelezo) imekufa. (Fundi, Lushoto)

JIBU: Templeti zimeondolewa katika NiFi 2, hazirudi. Kama seva ya zamani bado mnayo, iwasheni, mpakue vikundi vyenu kama ufafanuzi wa mtiririko katika JSON, au mviweke kwenye NiFi Registry (ghala la kutunzia matoleo ya mitiririko), kisha mviingize kwenye mpya. Kama mlishaifuta na mmebaki na mafaili ya XML tu, simamisheni NiFi 1 kwenye laptopu yoyote, pakieni humo templeti, mtoe JSON. Java ya seva mpya iwe 21 au zaidi.