Je, Msanii Akijisimulia Kashfa Yake, Tumwamini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetazama dokumentari ya mwanamuziki wa Marekani, Janet Jackson, iliyotoka Januari 2022, na ilinigusa sana, hasa pale alipoueleza mkasa wa Super Bowl. Baadaye nikaona majina ya watayarishaji: Janet mwenyewe na kaka yake, Randy. Je, niyaamini niliyoyasikia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuyasoma majina hayo, kwani wengi wetu huzima kabla hayajapita. Mkasa wenyewe ulitokea Houston tarehe 1 Februari 2004, wakati wa mapumziko ya fainali hiyo ya mpira wa Kimarekani, mwimbaji mwenzake, Justin Timberlake, alipovuta kipande cha vazi la Janet na titi likaonekana kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kituo cha televisheni cha CBS, kilichorusha fainali hiyo, kilitozwa faini ya dola 550,000, ambayo baadaye mahakama iliitengua, lakini lawama zilimwelemea Janet: wiki moja tu baadaye Timberlake alikuwa jukwaani akipokea tuzo za muziki za Grammy, na mwaka 2018 alialikwa tena kutumbuiza kwenye fainali hizo.

Gazeti la The New York Times lilitangulia kutoa dokumentari kuhusu mkasa huo, Novemba 2021, bila mahojiano na Janet. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayochambua vizuri zaidi mwenendo wa CBS, wa MTV iliyoandaa onyesho, na wa ligi yenyewe. Hata hivyo, kuna jambo ambalo Janet pekee ndiye angeweza kutupa: anasimulia kwamba Timberlake alimwuliza kama atoe tamko, naye akamshauri anyamaze, kwa kuwa mishale yote ilikuwa imeelekezwa kwake na hakutaka mwenzake aingie matatani. Hapo namwamini, kwa sababu maneno hayo hayamjengi yeye, bali yanampunguzia lawama mtu ambaye mashabiki wengi wa Janet bado hawajamsamehe.

Ninapositasita ni pale Janet anaposema kwamba yeye na Timberlake ni marafiki, yamekwisha, na watu wengine nao wayaache. Mhoji asiyeajiriwa naye angeng'ang'ania papo hapo na kumwuliza yalikwishaje, ilhali kazi ya Janet iliyumba kwa miaka mingi. Itafute ile ya 2021, uitazame yote, kisha urudie sehemu ya mwisho ya hii uliyoiona.