Miche ya mbegu au ya kubebesha? Jibu kwa mdau wa embe na parachichi

Mkuu umeuliza vitu viwili: miche uliyootesha kutoka kwenye embe na parachichi tamu kama itazaa matunda yale yale (ukasema kokwa moja ya embe imetoa machipukizi matatu na nyingine moja moja), na kwa nini watafiti wanatumia miaka mingi hivo kutoa aina moja mpya. Mimi nimefanya kazi kwenye kitalu cha utafiti wa matunda, upande wa kubebesha (kuunganisha kipande cha mti mmoja kwenye shina la mwingine) na kuchavusha kwa mkono, kwa hiyo naongelea nilichokishika.

Parachichi jibu lake fupi, hapana. Ua lake linafunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, linafunga, afu linafunguka tena likiwa dume, kwa hiyo chavua inatoka sana miti mingine na hata ikitoka mti huo huo vinasaba vinachanganywa upya, kila mbegu inatoka na yake. Hass yenyewe, ile aina maarufu ya parachichi, ilipatikana hivo. Rudolph Hass wa California aliotesha mbegu apate mashina ya kubebeshea Fuerte, aina nyingine ya parachichi, shina moja likakataa kushika, akaliacha likue, alipoonja matunda yake akaenda kulikatia hataza (haki ya kisheria ya mgunduzi) mwaka 1935. Ule mti wa kwanza ulikufa 2002 lakini kila Hass unayoiona leo ni kipande chake kilichopita mti kwa mti kwa kubebesha.

Embe ndo kuna utamu wa kuelezea. Maembe yako makundi mawili. Yenye asili ya India, na jamaa zake kama Kent, Keitt na Tommy Atkins, kokwa ina kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu) kimoja, mtoto wa baba na mama, hafanani na mama. Yale ya kusini mashariki mwa Asia kama Carabao na Nam Doc Mai kokwa moja inabeba viinitete kadhaa, na vingi havijatokana na chavua kabisa, vimeota kwenye nyama ya mama inayozunguka kiinitete, yaani ni mama mwenyewe karudi. Kujua ni rahisi: chukua kokwa mbichi, kata ganda la nje pembeni kwa mkasi wa kupogolea bila kuumiza ndani, toa mbegu uiangalie. Ikiwa pande mbili zimelala vizuri kama maharage, ni kimoja. Ikiwa imegawanyika vipande vipande vilivyobanana, viinitete ni vingi. Na usiikaushe, mbegu ya embe ikikauka inakufa.

Sasa watafiti. Aisee, watu wangeona kazi ya kuchavusha embe kwa mkono wasingelalamika. Shada moja la maua lina maua kwa mamia mpaka maelfu, madogo sana, mengi ni dume tupu, unatafuta yenye ovari (sehemu ya jike) asubuhi na mapema, unatoa stameni (sehemu ya dume yenye chavua) kwa kibano kabla haijapasuka, unapaka chavua ya baba, unafunika shada, unaandika lebo, na baada ya yote hayo karibu kila kitu kinadondoka. Ndo maana wengine wanaweka miti miwili ndani ya neti pamoja na nyuki au nzi, wanaokota mbegu, afu wanapima vinasaba vya jani kujua baba ni nani. Halafu unasubiri. Mbegu ya Haden, aina ya embe, ilipandwa Florida 1902, ikazaa 1910, miaka minane kuonja tunda la kwanza! Na hapo hujapima magonjwa, usafirishaji, wala kama mti unazaa kila msimu. Ramani ya vinasaba vya parachichi ilichapishwa 2019 na inasaidia kwa sababu mche usiofaa unaweza kuutupa ukiwa na majani machache tu, ila kulionja tunda hakuna njia ya mkato.

Kuna kitu watu wanasahau, shina la chini nalo linazalishwa. Kuoza mizizi kwa parachichi kunakosababishwa na Phytophthora, kimelea cha udongoni, kunaua shamba zima, na mashina kama Dusa la Afrika Kusini yalichaguliwa kwa kuvumilia huo ugonjwa. Kwa mimi huu ndo utafiti unaostahili hela zaidi kuliko rangi ya ganda.

Kwa hiyo fanya hivi: miche ya parachichi ibebeshe yote, kama una nafasi bakiza miwili mitatu uone itatoa nini. Kikonyo (kile kijiti cha kubebesha juu ya shina) kiandae kwenye mti, kata majani ukiache kishikio cha jani, subiri kama wiki au siku kumi mpaka vishikio vidondoke na chipukizi la juu livimbe, hapo ndo ukikate, na ukichukue kwenye mti uliouona ukizaa kwa macho yako. Ile kokwa ya embe uliyosema imetoa machipukizi matatu usiyang'oe, yatenganishe kila moja na mzizi wake, mara nyingi lile dhoofu ndo mtoto wa chavua na yenye nguvu ndo mama, japo sio kila aina. Zile zilizotoa chipukizi moja moja pasua kokwa nyingine ya mti huo huo uangalie ndani, afu weka picha hapa.