Wasomaji wanauliza: mota za rilaktansi, pembe za kuwasha na kelele za stata

Maswali ya safari hii yote yanahusu mota ya rilaktansi inayoendeshwa kwa swichi, ambayo hapa tunaiita mota ya SR. Rilaktansi ni ugumu wa usumaku kupita kwenye njia yake. Stata yake, sehemu isiyozunguka, ina meno yaliyovikwa koili. Rota, sehemu inayozunguka, ni bati za chuma zilizokatwa meno na kubanwa pamoja, haina waya wala sumaku. Umeme ukiingia kwenye fezi moja (kundi moja la koili), jino la rota lililo karibu linavutwa ili likabiliane na jino la stata. Kabla halijafika, fezi hiyo inazimwa na nyingine inashika. Ili hesabu zisomeke pamoja, tumetumia mota moja kwa mifano yote: fezi tatu, meno 6 ya stata na 4 ya rota, umeme wa DC wa volti 325 (230 ya ukutani ikishanyooshwa na dayodi), mkondo wa ampea 10, indaktansi (uwezo wa koili kupinga mkondo usibadilike haraka) ya milihenri 8 jino la stata likitazama pengo la rota na milihenri 60 meno yakikabiliana.

Nimepata mota ya SR ya fezi tatu kwenye mashine iliyovunjwa. Ninayo inveta ya kilowati 2.2 inayoendesha pampu zangu. Niiunge kwa nyota au delta? – Msomaji, Mwanza

Usiiunge kwa lolote kati ya hayo mawili, maana nyota na delta zote huziunga fezi tatu pamoja. Inveta ya pampu hupeleka mkondo unaoingia kwa fezi moja na kutokea kwa nyingine, ukibadilisha mwelekeo kila nusu ya mzunguko. Mota ya SR inataka kila fezi iwashwe na kuzimwa peke yake, tena kwa wakati unaofuata rota ilipo. Torki yake (nguvu ya kuzungusha) hufuata mraba wa mkondo, hivyo mwelekeo wa mkondo hauna maana kwake. Ukiipa umeme wa inveta itatetemeka na kupata moto.

Kinachohitajika ni transista mbili na dayodi mbili kwa kila fezi, jumla sita na sita. Koili inakaa katikati: transista moja juu yake kuelekea chanya, nyingine chini yake kuelekea hasi. Zote mbili zikiwaka, koili inapata volti 325. Ukizima moja tu, mkondo unazunguka ndani kwa volti sifuri na kupungua polepole. Ukizima zote mbili, mkondo unatoka kupitia dayodi na kurudi kwenye kapasita, na koili inaonja volti 325 za kinyume, kwa hiyo mkondo unakufa haraka. IGBT (aina ya transista ya umeme mkubwa) za volti 600 na ampea 30 zinatosha. Dayodi ziwe za kasi. Zile za kunyoosha umeme wa hezi 50 huchelewa kufunga na zitachoma transista.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba transista ya juu na ya chini haziwezi kugongana, maana koili iko kati yao. Hata hivyo, zikikwama zote mbili zikiwa zimewaka, mkondo unapanda ampea 40 kwa kila milisekunde rota ikiwa pengoni. Weka sensa ya mkondo kwa kila fezi, na kikata umeme cha ampea 15 kiwe saketi yake yenyewe. Programu ikiganda, haitakuokoa.

Kabla ya yote, hesabu waya zinazotoka kwenye mota. Ziwe sita, jozi tatu zisizogusana ukipima kwa maltimita. Kama zimeunganishwa pamoja ndani, fungua kiungo hicho kwanza.

Mota yangu inavuta vizuri kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika. Nikifika 3,000 inalegea, ingawa kikomo cha mkondo bado ni ampea 10. Nawasha kila fezi kwenye nyuzi 14 na kuzima nyuzi 40 kwa kasi zote. – Msomaji, Eldoret

Tatizo liko kwenye maneno "kwa kasi zote". Mota ya kawaida inaweza kusamehe mpangilio mbovu, lakini hii haisamehi, kwa kuwa pembe za kuwasha na kuzima ndizo zinazoamua inavuta au inajivunja mwendo.

Tuseme sifuri ni pale jino la stata linapotazama katikati ya pengo. Meno yanakabiliana kabisa kwenye nyuzi 45. Upana wa jino la stata ukiwa nyuzi 30 na la rota 32, yanaanza kufunikana kwenye 14 na kumaliza kwenye 44. Kati ya hapo indaktansi inapanda, na ndipo torki inapopatikana. Kuanzia 46 inashuka, na mkondo wowote uliobaki unakuwa breki.

Mkondo haufiki ampea 10 papo hapo. Pengoni unahitaji milihenri 8 mara ampea 10 gawanya kwa volti 325, yaani karibu milisekunde 0.25. Kwa mizunguko 1,500 rota inakuwa imesogea nyuzi 2 na kitu. Kwa 3,000 nyuzi 4.4, kwa 6,000 karibu 9. Wewe unawasha 14, wakati meno yameshaanza kufunikana, na hapo volti inayozalishwa na mwendo wenyewe inausukuma mkondo nyuma. Kwenye mota hii volti hiyo ni kama 312 kwa ampea 10 na mizunguko 3,000, kwa hiyo imebaki nafasi ndogo mno ya kupandisha. Piga hesabu: nyuzi 10 baada ya kuwasha, una ampea 7 tu. Kwa kuwa torki inafuata mraba, umepoteza nusu yake.

Upande wa kuzima ni mbaya zaidi. Umeipa koili volti kamili kwa nyuzi 26, kutoka 14 hadi 40. Usumaku uliojengwa kwa volti 325 unahitaji muda uleule kubomolewa kwa volti 325 za kinyume, hivyo mkondo wako unakufa karibu na nyuzi 66. Kutoka 46 hadi 66 fezi hiyo inairudisha rota nyuma.

Anza hivi: kwa 1,500 washa 12 na zima 35, kwa 3,000 washa 9.5 na zima 30. Kwa 6,000 washa 5 na zima 28. Katika hali zote tatu mkondo utakuwa umeisha kati ya nyuzi 47 na 51. Hesabu hizi zimepuuza kushiba kwa chuma (kukaribia kikomo cha usumaku kinachoweza kubeba), ambako kwa kweli kunapunguza usumaku pale meno yanapokabiliana na kufupisha mkia wa mkondo, yaani mkondo unaobaki baada ya kuzima. Kwa hiyo pengine utaweza kuchelewesha kuzima kidogo. Funga mzigo usiobadilika, feni kwa mfano, shikilia kasi moja, kisha sogeza pembe uzi mmoja mmoja huku ukitazama ampea zinazotoka kwenye umeme wa DC. Pembe nzuri ni ile inayotumia ampea chache zaidi. Kama una osiloskopu (kifaa kinachochora mkondo kwenye skrini), tazama mkia wa mkondo: ukiona unavimba tena badala ya kushuka moja kwa moja, umechelewa kuzima.

Andika jedwali la kasi na pembe kwenye mikrokontrola (kompyuta ndogo inayoendesha swichi) na uache programu ikadirie katikati. Chini ya 1,000 pembe hazisumbui sana. Hapo kazi ni kukatakata mkondo ubaki karibu na ampea 10, na ukate kwa kuzima transista moja tu ili kelele na joto vipungue.

Ikianza inatikisika tu, na mara nyingine inakwenda kinyume. – Msomaji, Kigoma

Sensa zako hazijalingana na meno. Kwa mota ya 6/4 (meno 6 ya stata, 4 ya rota) tumia diski yenye meno manne ya nyuzi 45 na mapengo manne ya nyuzi 45, na sensa tatu za mwanga zilizoachana nyuzi 30. Unapata mabadiliko 24 kwa mzunguko, moja kila nyuzi 15. Kati yake kipima muda cha mikrokontrola kinagawanya.

Kulinganisha: toa mzigo, ipe fezi A ampea 2 hadi 3 za DC kutoka kwenye kifaa cha mezani cha kutoa umeme wa volti ndogo. Rota itajivuta na kukaa. Hapo ndipo nyuzi 45 za fezi A. Legeza diski, izungushe mpaka sensa A ibadilike hasa hapo, kisha kaza. Rudia kwa B na C bila kugusa diski. Sensa ikikosea zaidi ya uzi mmoja, isogeze yenyewe. Kumbuka pia kwamba kwenye 6/4 rota inazunguka kinyume cha mpangilio wa fezi: ukiwasha kwa kufuata saa, rota inakwenda kinyume cha saa. Wengi hubadilisha waya wakidhani wamekosea kuunga.

Kama mzigo ni mzito wakati wa kuanza, washa fezi mbili kwa pamoja pale zinapopokezana. Hapo ndipo torki ya fezi moja peke yake inaposhuka zaidi.

Kapasita yangu ya mikrofaradi 100, volti 400, imevimba mara mbili. – Msomaji, Mombasa

Ni ndogo, na volti zake hazitoshi. Umeme wa 240 ukinyooshwa unafika 339. Fezi moja yenye ampea 10 meno yakikabiliana imebeba jouli 3. Ikizimwa ghafla, kwa mfano unaposimamisha mota, na hakuna fezi nyingine ya kupokea, jouli hizo zinarudi kwenye kapasita kwa sababu daraja la dayodi haliruhusu kurudi kwenye nyaya za ukutani. Kapasita ya 100 inapanda hadi volti 418. Ya 470 ingefika 357 tu.

Weka 470 ya volti 450, aina ya nyuzi joto 105 inayostahimili mkondo wa kupanda na kushuka, pamoja na kapasita ya filamu ya mikrofaradi 1 karibu kabisa na transista. Ukitaka kufunga breki kwa mota, ongeza kizuizi cha omu 47 kinachowashwa na transista volti zikipita 390. Sambamba na kapasita weka omu elfu 22, wati 10, ili chaji iishe baada ya kuzima. Subiri dakika nzima, na bado upime kabla ya kugusa.

Kwa nini inalia kuliko mota ya kawaida ya ukubwa uleule? – Msomaji, Morogoro

Meno mawili ya stata yanayotazamana yanavutwa kuelekea rota, stata inabonyea ikawa kama yai, kisha inaachiwa ghafla umeme unapozimwa. Huko kuachiwa ghafla ndiko kunakoipigisha stata kelele. Dawa nafuu iko kwenye programu: zima transista moja, subiri nusu ya kipindi cha mtetemo wa asili wa stata, ndipo uzime ya pili. Stata ikilia kwa hezi 2,500, subiri milisekunde 0.2, mtikisiko wa pili utaufuta wa kwanza.

Anayenunua mota mpya achague 12/8 badala ya 6/4. Kila fezi inavuta pande nne, na stata haibonyei kirahisi. Kelele ikianza ghafla kwenye mota ya zamani, kagua beringi kwanza: upenyo wa hewa kati ya rota na stata ni sehemu ndogo tu ya milimita, na shafti ikilegea kidogo, upande mmoja unavutwa zaidi.

Je, hii ni teknolojia mpya? Na magari ya umeme yaliyoandikwa "rilaktansi" ni hii hii? – Msomaji, Kigali

Si mpya. Robert Davidson wa Aberdeen, Uskoti, aliendesha kichwa cha treni kwa sumaku-umeme zinazowashwa na kuzimwa kwenye reli ya Edinburgh–Glasgow mwaka 1842. Kilichokosekana ni swichi ya kasi; transista zilipopatikana, kazi ya Chuo Kikuu cha Leeds iliyochapishwa mwaka 1980 ikairudisha. Mota ya Tesla Model 3 ni nyingine: stata yake ni ya fezi tatu za kawaida na rota ina sumaku ndani. Usinunue kidhibiti cha moja kwa ajili ya nyingine.

Fundi amenisukia upya koili za fezi A. Sasa mota inakosa nguvu kila inapopita fezi hiyo. – Msomaji, Tanga

Koili mbili za fezi hiyo zimeungwa vibaya. Jino la 1 likiwa kaskazini, la 4 lazima liwe kusini, ili usumaku upite katikati ya rota. Yote mawili yakiwa kaskazini, usumaku hauna njia ya kuvuka. Pima kwa kipima LCR (kifaa cha kupima indaktansi) meno yakiwa yamekabiliana: fezi B na C zitakupa milihenri 60 hivi, A itakuwa chini sana. Geuza ncha mbili za koili moja na upime tena. Kisha jaribu uzuiaji wa umeme kati ya waya na chuma kwa megga ya volti 500. Ukipata chini ya megaomu 1, irudishe kwa fundi kabla ya kuipa volti 325.