Ukienda kulea viongozi wa kanisa ugenini, waachie mapema funguo za sanduku la sadaka

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika hii kwa ajili ya wale mnaojiandaa kwenda umisheni nje ya kwenu, iwe mnatoka bara mnakuja huku visiwani, iwe mnatoka Korea au Brazil au Marekani, na hata vijana wetu wa hapa Unguja ambao siku hizi nao wanaitwa kwenda kutumika nchi za jirani. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimekaa na wamisionari miaka mingi, nimewatafsiria mahubiri, nimewatafutia nyumba za kupanga, nimewapeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kujitambulisha, nimewasindikiza uwanja wa ndege na zawadi zao za viungo na vikoi, alafu mimi ndo niliyebaki na waumini Jumapili inayofuata. Kwa hiyo nayoyasema nayasema nikiwa upande wa anayeachiwa kazi.

Wengi wakija wanadhani kulea kiongozi ni masomo. Wanaleta semina, makabrasha, fulana zimeandikwa mstari wa Biblia mgongoni, mwisho wa wiki vyeti na picha ya pamoja. Semina sizikatai, nimekula posho zake na mimi. Lakini mtu anaweza akahudhuria semina zote akajua nyaraka za Paulo kwa kichwa na bado hajawahi hata siku moja kuamua kitu chenye uzito, mana kila jambo likija la pesa, la mtu aliyekosana na mkewe, la kiwanja, anaambiwa ngoja mchungaji mgeni arudi. Sasa huyo umemlea kuwa nani?

Historia ya hapahapa inatosha kutufumbua macho. Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kaingia Unguja 1864, na Sultani akampa wavulana watano waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, ndo skuli ikaanza. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi 1879. Akaja Cecil Majaliwa, naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasoma skuli ya misheni ya Kiungani hapa Unguja, akapelekwa mpaka Canterbury Uingereza, na 1886 akatumwa Chitangali kule kusini mwa bara akaiendesha kazi zaidi ya miaka kumi, upadre akaupata 1890. Yani mtu alitumwa mbali, akapewa watu na eneo lake, na kazi ikakua. Ungetegemea kuanzia hapo mambo yakimbie. Lakini askofu wa kwanza Mwafrika wa dayosisi hii ya Kianglikana ya Zanzibar, Yohana Jumaa, tumempata 1968. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka mia tangu Tozer ashuke.

Na mtu asiniambie eti enzi zile wazo hilo lilikuwa halijafika. Mwaka ule ule wa 1864 kule Uingereza Samuel Ajayi Crowther, Mnigeria, naye alishawahi kuwa mtumwa, aliwekwa wakfu kuwa askofu, na Henry Venn, kiongozi wa CMS, chama kingine cha umisheni cha Kianglikana, alishakuwa anahubiri kwamba kanisa changa lazima lijitegemee, lijitawale na lijieneze lenyewe. Wazo lilikuwepo. Kilichotokea kwa Crowther nacho kinauma, uzeeni wakaja wamisionari vijana wakaipekua kazi yake wakawasimamisha kazi watu wake, akafariki 1891, na aliyewekwa nafasi yake akawa mzungu. Siwatukani wazee wale jamani, Steere, askofu aliyemfuata Tozer, alikaa chini akajifunza Kiswahili chetu akaandika na sarufi yake, na kaburi lake lipo ndani ya kanisa la Mkunazini, Mji Mkongwe, mpaka leo. Nachosema ni kwamba unaweza ukawapenda watu kabisa, ukafia kwao, na bado ukashindwa kuwaachia.

Basi tuje kwenye pesa, mana hapo ndo penyewe. Mmisionari mmoja, simtaji wala sisemi katoka kanisa gani, alikuwa mtu mwema sana, analipa kodi ya jengo, analipa umeme wa Tukuza, anamlipa mwinjilisti, ananunua mafuta ya pikipiki, vyote kutoka mfukoni kwake na kwa marafiki zake huko kwao. Sadaka ya waumini ikawa ya maua na chai. Waumini wakazoea, na kwa nini wasizoee? Alipoitwa nyumbani mwinjilisti akakaa bila mshahara, akarudi kuuza vinyago Darajani, jengo mwenye nyumba akalitaka. Na hakuna aliyekuwa mvivu wala mbaya kwenye habari hii, ni mpangilio tu ulikuwa umekaa vibaya tangu mwanzo.

Ushauri wangu ni huu, mwezi wa kwanza tu, kabla hujajua hata majina ya watu vizuri, kuwe na kitu kimoja ambacho sadaka ya waumini wenyewe ndo inakilipa na wewe huongezi hata shilingi. Kiwe kidogo, umeme kwa mfano. Sadaka ihesabiwe na watu wao, wawili au watatu wasio ndugu, iandikwe kwenye daftari, isomwe Jumapili mbele ya wote, na funguo za sanduku usizishike wewe. Umeme ukikatika kwa sababu sadaka haikutosha, sali gizani pamoja nao. Najua mkono utakuwasha kuingia mfukoni. Vumilia. Jumapili itakayofuata utaona akina mama wanavyopanga mambo, mana akina mama wa kanisa kwa vikoba wanajua kuendesha pesa kuliko kamati nzima ya wanaume.

Kuchagua watu nako kuna mtego. Mgeni anamchagua anayejua Kiingereza. Inaeleweka, ndo mtu anayeweza kuongea naye, kesho anakuwa mkalimani, keshokutwa ndo kiongozi, na waumini wanamtazama tu. Wewe angalia msiba ukitokea watu wanamkimbilia nani. Nani anapigiwa simu saa nane usiku mtoto akiugua. Nani akitoa mchango wake mdogo watu wengine wanafuata. Huyo hata kama hajamaliza darasa la saba, mpe kazi, kusoma atasoma akiwa ndani ya kazi. Paulo na Barnaba Matendo 14 waliwateua wazee katika kila kanisa kwenye safari ile ile ya kwanza, hawakungoja wamalize chuo.

Chuo chenyewe, hapa kwetu fikiri mara mbili. Waumini wengi wa Unguja ni watu waliokuja kutafuta maisha, wa mahotelini Nungwi na Paje, askari, walimu, mafundi. Mwezi wa nne masika hoteli zinafunga, nusu ya kwaya ipo kwao bara. Askari akihamishwa anaondoka na cheo chake cha uzee wa kanisa. Sasa ukimchukua kijana mmoja mwenye kuaminika ukampeleka chuo cha Biblia bara miaka mitatu, akirudi (kama akirudi, mana wengine wanapata kanisa na mke hukohuko) watu aliowaacha hawapo tena. Bora asome hapahapa, jioni baada ya shifti, masomo mengine kwa sauti za WhatsApp, na masika ndo uweke mafunzo marefu kwa waliobaki kisiwani. Usimlee mmoja peke yake, lea wanne au watano kwa mpigo, ukijua kabisa wawili watahamishwa. Nao usiwahesabu hasara, wakifika Mtwara au Dodoma watatumika huko.

Alafu kuna majirani. Huku karibu kila mtu ni Muislamu na tunaishi nao vizuri, tunazikana, tunaalikana sikukuu. Kiongozi unayemlea lazima ajulikane na sheha na majirani yeye mwenyewe, asijulikane kama kijana wa mzungu. Kukiwa na msiba mtaani mtangulize yeye, wewe kaa nyuma. Mwezi wa Ramadhani usiandae semina yenye chakula cha mchana mlango wazi, wala spika zisipigwe kuelekea nyumba ya jirani, na hili usiliamue wewe, muulize yeye kisha ufuate atakalosema hata kama unaona ana woga kupita kiasi. Mara nyingi anajua kitu usichokijua. Pemba ndo zaidi, makanisa ni machache na kila mtu anamjua kila mtu, neno lako moja la kujitapa kwenye mtandao linakwenda kumlalia mtu ambaye hana ndege ya kupanda.

Na siku wakikupinga kwenye kikao, nyamaza ukubali. Wakitaka kununua viti wewe unataka kinanda, wanunue viti. Kama hawajawahi kukushinda kwenye kikao hata mara moja basi bado hawajaanza kuongoza.

Tarehe ya kuondoka isemwe mapema, iwekwe mbele ya wazee wote, na mwaka wa mwisho uwe pale lakini usihubiri sana, usisaini hundi, usiwe mwenyekiti wa chochote. Wakosee ukiwepo. Ukishaondoka ukaja kutembea, lala gesti, kaa viti vya nyuma, na kama una bahasha mkononi usimpe muumini mmoja mmoja pembeni, waone wazee kwanza waulize kama wanaihitaji na kwa kazi gani, na wakisema hapana rudi nayo.