Ulimwengu ukiisha, ni kwa moto au kwa baridi?

SWALI: Naombeni mnifafanulie hapa, kuna wanaosema ulimwengu utaishia kwenye moto na wengine wanasema utaganda tu, sasa ipi ni ipi na hali yenyewe itakuwaje?

JIBU: Asante kwa swali. Wanasayansi wengi wako upande wa baridi, maana mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zinapima nyota zinazolipuka huko mbali ziligundua ulimwengu unatanuka na kasi yenyewe inazidi kupanda, na hicho kinachousukuma kikaitwa nishati ya giza. Anga la mbali saa hizi tayari lina kama nyuzi -270 za Selsiasi, likizidi kutanuka linazidi kupoa, nyota mpya zinaacha kuzaliwa, za zamani zinazimika moja moja, na ikifika kama miaka trilioni 100 ni giza tu, mabaki ya nyota zilizokufa na mashimo meusi (sehemu zenye mvuto mkali hadi mwanga hautoki), na haya mashimo nayo mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba yanavuja taratibu mpaka yanaisha.

Ila kinachotisha kweli kweli ni ulimwengu kuchanika. Mwaka 2003 mwanafizikia Robert Caldwell na wenzake wawili walipiga hesabu, wakasema je nishati ya giza ikiwa inaongezeka nguvu kadiri muda unavyoenda? Kwenye mfano wao mwisho unakuja baada ya kama miaka bilioni 22. Miaka milioni 60 kabla ya hapo galaksi yetu inasambaratika, na tukichukulia mfumo kama wetu bado upo (Jua lenyewe litakuwa limeshakufa zamani), miezi mitatu kabla sayari zinaachana na jua lao, dakika 30 kabla dunia inapasuka, halafu kwenye kipande kidogo mno cha sekunde ya mwisho hata atomu zinachanwa. Hapo sio joto wala baridi, ni nafasi yenyewe inatanuka mpaka hakuna vitu viwili vinavyoweza kushikana.

Na moto je? Huo unakuja kama nishati ya giza itageuka ianze kuvuta, ulimwengu unarudi kujikusanya, mwanga uliotapakaa angani unabanwa na kupata joto hadi anga lote linakuwa la moto kuliko uso wa nyota na nyota zinaivishwa kutokea nje. Wazo hili lilishawekwa kando kabisa, lakini matokeo ya 2024 na 2025 ya DESI, kifaa kinachopima galaksi kule Arizona, Marekani, yanaashiria huenda nishati ya giza inapungua nguvu. Bado haijathibitishwa, na kupungua sio lazima iwe kugeuka, ila ikithibitika basi kule kuchanika ndio kutakuwa kwa kwanza kupoteza nafasi.